Mshale Kwenye Meza ya Baba

Meza ya kazi ya Baba, pale kibandani kwake Kisumu Ndogo, Malindi, ilikuwa na mshale uliochorwa kwa chaki. Ulianzia kushoto, kwenye msumari uliofungwa kipande cha waya nyekundu, ukaishia kulia, kwenye msumari wa waya nyeusi. Chaki ilipofifia kwa viwiko na vumbi la barabarani, Baba aliuchora upya kabla ya kuanza kazi, hata siku ambazo hapakuwa na kazi. Nilikua nikiuona mshale huo tangu kidevu changu kinafika ukingo wa meza. Na mimi ndiye niliyemfanya aufute.

Baba ni fundi wa vitu vya kelele: redio, spika, amplifaya za makanisani na za harusini, na siku hizi taa za sola pia, maana kila nyumba ina moja iliyokufa. Hakusomea. Alifundishwa na fundi mmoja, na huyo fundi alifundishwa na mwingine, na katika mlolongo wao wote sidhani kama kuna aliyewahi kutamka neno chanya wala hasi. Wao walikuwa na nyekundu na nyeusi, basi.

"Umeme hutoka kwenye nyekundu," Baba alikuwa akiniambia, kidole kikiufuata mshale, "hupita kazini, ukimaliza hurudi nyumbani kwenye nyeusi. Mtu mwenye adabu zake ndivyo afanyavyo."

Dayodi nilizijua kabla sijajua kusoma saa. Ni kidude kidogo cheusi, chenye mguu wa waya huku na mguu wa waya huku, na mstari mweupe umezunguka upande mmoja. Baba alinieleza kwa valvu ya baisikeli. Ukipiga pampu, hewa inaingia, ukiacha, hairudi. Dayodi ni hiyo hiyo, ila yenyewe inazuia umeme. Umeme huingilia upande usio na mstari na kutokea upande wenye mstari, na hauna ruhusa ya kurudi. Stima ya ukutani, alisema, haina msimamo: inakwenda mbele, inarudi nyuma, mara nyingi sana kabla hujapepesa jicho, na redio haiwezi kuishi na mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo unampangia dayodi nne njiani, mistari ikitazama inakotakiwa kutazama, ili akitoka pale awe ameelekea upande mmoja tu. Ukizipanga sawa, waya nyekundu inatoka nyekundu kweli. Ukizigeuza zote nne, nyekundu inakuwa nyeusi, na masikini kitakachofungwa mbele yake.

Nikiwa na miaka minane nilikuwa naweza kuzipanga nimefumba macho, kwa kuupapasa ule mstari na kucha. Baba alikuwa akiwaita majirani waje waone.

Lazima niseme jambo moja hapa, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Kwetu mtoto hupewa jina la nyanya au la babu, na mimi nilipewa jina la mama mzazi wa Baba, ambaye alifariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo Baba haniiti mwanangu. Ananiita mamangu. Tena haniiti hivyo kwa mzaha tu: nikiumwa anahangaika kama mtu anayemuuguza mzazi wake, na nikimtuma maji ya kunywa huyaleta huku akinung'unika kwamba mamake hakuacha kumtuma hata baada ya kufa. Na Mama yangu, ambaye anaishi kwetu Junju akilima mihogo na mahindi, nikimuudhi huniita mavyaa, yaani mama mkwe. "Mavyaa amekuja," atasema, "fagieni uwanja." Nimekua hivyo, mtoto mwenye cheo nyumbani kwake, na cheo kikampanda kichwani.

Mwaka juzi nikaingia chuo cha ufundi Kilifi kusomea umeme. Siku ya kuondoka Baba alinipa mita yake ya zamani, ile ya kupimia, akabaki na mpya ambayo alisema haipendi. Muhula wa kwanza tukafundishwa habari za elektroni. Mwalimu akasema vinavyotembea ndani ya waya ni elektroni, na elektroni ni hasi, kwa hiyo hutoka upande wa hasi kwenda upande wa chanya. Nilikaa pale kitini nikauona mshale wa Baba mbele ya macho yangu, nyekundu kwenda nyeusi. Lo! Kumbe umegeuka! Kumbe Baba na fundi wake na fundi wa fundi wake wote wamekuwa wakitembea kinyumenyume! Badala ya kuinua mkono niulize, nilianza kuhesabu siku za likizo.

Likizo ikafika. Alhamisi moja asubuhi, nilikuwa nimekaa kibandani na Baba nikichambua skrubu, walipokuja akina mama wanne wa kwaya na amplifaya yao. Kanisa lao liko hapo hapo mtaani, na wengi wao ni watu wa bara waliohamia Malindi kwa kazi. Kiongozi wao anauza samaki wa kukaanga hatua chache kutoka kwa Baba, mwanamke mkubwa wa sauti na wa roho. Amplifaya yenyewe ilikuwa sanduku la mbao ambalo Baba alilitengeneza kwa mikono yake miaka mingi nyuma. Ilikuwa inanguruma kuliko kuimba.

Baba akaifungua, akapima, akawaonyesha dayodi zilizochoka. Kama kawaida yake, akaanza kueleza. Baba hawezi kukutengenezea kitu bila kukueleza. Nafikiri angekuwa mwalimu kama angezaliwa mahali pengine. Akaweka kidole kwenye mshale. "Umeme, akina mama, hutoka hapa kwenye nyekundu..."

"Baba," nikasema, "hapo unawadanganya watu."

Kidole cha Baba kikasimama katikati ya meza.

"Hautoki nyekundu," nikaendelea, maana mdomo wangu ukianza safari haujui kushuka njiani. "Unatoka nyeusi. Elektroni hutoka hasi kwenda chanya. Huo mshale wako umegeuka miaka yote hii."

"Uuui!" akapiga kelele kiongozi wa kwaya, akapiga makofi. "Fundi, leo umepatikana! Hii ndiyo faida ya kusomesha msichana!" Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Baba naye akacheka.

"Imeandikwa kitabuni?" akaniuliza.

"Imeandikwa."

"Na mwalimu amesema?"

"Amesema."

"Basi mamangu amesema," akawaambia wale akina mama. Akachukua kitambaa chake, akakitia maji kidogo, akaufuta mshale. Aliufuta polepole kuanzia kushoto mpaka kulia, na mbao ikabaki na alama ya unyevu.

Nilijisikiaje? Niseme ukweli: nilijisikia vizuri. Nilikula chakula cha mchana kwa hamu kubwa. Siku mbili nzima sikuona kitu, sikuona kwamba Baba amepunguza maneno, wala kwamba Ijumaa alishika dayodi moja akaitazama muda mrefu, akaiweka, akaishika tena. Jumamosi stima ilipotea mtaa mzima. Akina mama walikuja kuchukua amplifaya yao bila kupigiwa wimbo wa kujaribu, jambo ambalo Baba hakuwa akilifanya kamwe. Lakini wangefanyaje, na kesho yake ni ibada?

Jumapili, jua la saa saba, nilikuwa naanika nguo nyuma ya kibanda nikasikia mkokoteni. Kiongozi wa kwaya alikuwa anausukuma mwenyewe, bado amevaa nguo za kanisani, na sanduku liko juu.

"Fundi," akasema, "hii kitu ilitaka kutuua. Tumewasha, kimya. Tukasema pengine inapasha moto kwanza. Mzee wa kanisa akainama kuisikiliza, pwaa! Moshi mweupe, na harufu kama ya samaki ameoza, na mimi nauza samaki, naijua. Mzee wa kanisa akaanza kukemea mapepo!"

Alikuwa akicheka. Alitegemea Baba acheke pia, kwa sababu hao wawili hutaniana tangu zamani. Baba alifungua kifuniko, akatazama ndani kwa muda usiofika wa kusema sala fupi, akakifunga.

"Nisameheni sana," akasema. "Tafuteni fundi mwingine."

Kiongozi wa kwaya akaniangalia mimi, nikaangalia chini. Akasema sanduku likae tu hapo, yeye hana pa kulipeleka. Jioni ile Baba alipanga vyombo vyake kwenye ndoo ya rangi: chuma cha lehemu, koleo, mita, kopo la skrubu. Asubuhi yake akafunga kibanda kwa kufuli. Alisema anakwenda Junju kumsaidia Mama na mihogo. Hakunilaumu. Angenifokea ningeshukuru, maana Baba kuondoka kwenye meza yake kwa hiari ni jambo ambalo sikuwahi kuliona, hata wakati ana homa.

Nikabaki na lile sanduku. Nikalifungua.

Kapasita mbili kubwa, vile vikopo vya kutunza umeme, zilikuwa zimepasuka vichwa. Hilo nilitegemea. Kisha nikaziona dayodi mpya, nne, zimelehemiwa kwa usafi ule wa Baba, kila tone la risasi linang'aa. Na zote nne zilikuwa zimegeuzwa. Mtu anayekosea kwa macho hukosea moja, na hiyo moja inaunguza fyuzi hapo hapo. Hizi hazikuwa kosa la macho. Baba alikuwa amekaa akafikiri, akaichukua kazi aliyoifanya maisha yake yote, akaigeuza ili ilingane na maneno yangu. Nilikaa chini, sanduku mapajani, nikalia nikiwa peke yangu kama mjinga.

Chuo kilipofunguliwa nilimfuata mwalimu wetu, mama mmoja mpole ambaye hutembea na chaki mfukoni, nikamweleza yote. Hakucheka. Aliniuliza, "Ulisoma ukurasa gani?"

"Wa elektroni."

"Na unaofuata?"

Sikuwa nimeusoma. Ulikuwa haujafundishwa, na mimi nilikuwa nimeshakimbilia nyumbani na nusu ya habari. Akaufungua mbele yangu. Zamani, kabla mtu yeyote hajajua kuna elektroni, watu waliamua tu kwa kukisia kwamba umeme hutoka kwenye chanya kwenda kwenye hasi. Wakachora michoro yao hivyo, wakafundishana hivyo. Elektroni zilipokuja kujulikana, ikaonekana zenyewe zinakwenda upande wa pili, lakini wakati huo dunia nzima ilikuwa imeshazoea. Ikaachwa. Mpaka leo kila mshale kwenye kila mchoro, hata ule mshale ulio ndani ya alama ya dayodi yenyewe, unaelekea ulikoelekea mshale wa Baba. Vyombo havibadiliki kitu. La muhimu ni kushika njia moja, usiruke kwenda nyingine katikati ya kazi.

"Babako anafuata desturi ninayoifuata mimi ubaoni kila siku," akasema. "Wewe hukumwambia uongo. Ulimpelekea neno la kweli ukalitia mahali pasipo pake."

Jumamosi nilikuwa Junju. Kutoka Kilifi si mbali. Mama alikuwa anamenya mihogo mlangoni, na aliponiona hata hakuinuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mavyaa. Umefika? Nenda ukamwone mwanao. Yuko huko nyuma analima, na jembe lenyewe halimjui."

Kweli jembe lilikuwa halimjui. Baba ana mikono ya kushika vitu vidogo. Alikuwa na malengelenge viganjani, na alikuwa amekonda. Mama alinionyesha redio yake, ile anayosikilizia matangazo ya vifo kila siku ili ajue nani amefiwa na wapi pa kwenda kuhani. Ilikuwa imenyamaza wiki nzima, na Baba hupita mbele yake akaitazama kama kitu cha watu wengine. Mama alikuwa akitegemea majirani kujua misiba.

Nilimfuata kwenye mihogo, nikamweleza ule ukurasa wa pili. Nilimwambia mshale wake ulikuwa sawa. Nikamwomba radhi. Aliegemea jembe akanisikiliza kwa heshima yote.

"Sawa, mamangu," akasema. "Yamekwisha." Akaendelea kulima.

Hayakuwa yamekwisha. Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, na mwezi mwingine ukaingia. Ndoo ya vyombo ilikuwa chini ya kitanda, chandarua kimeilalia. Niliogopa, na sioni haya kusema niliogopa. Mtu asiyefanya kazi yake hupungua, na mimi nilikuwa namwona Baba akipungua kila Jumamosi, na aliyemtoa kazini ni mimi. Nilimwambia Mama nimeshamwomba radhi mara nne.

"Wapi?" akauliza Mama.

"Kule shambani."

"Na ulipomwambia amekosea, ulimwambia wapi?"

"Kibandani."

"Mbele ya nani?"

"Akina mama wa kwaya."

"Ala!" Mama akatupa ganda la muhogo. "Unamvua mtu heshima yake mbele ya kadamnasi, halafu unakuja kumrudishia huku mihogoni mbele ya mbuzi. Mbuzi watamwambia nani?"

Nilifunga safari ya Malindi kesho yake. Nikamkuta kiongozi wa kwaya kwenye karai lake la mafuta, nikamweleza huku nimesimama kwenye moshi. Alinisikiliza akigeuza samaki. "Wacha nikuambie kitu," akasema. "Siku ile sisi hatukuelewa hata neno moja. Nyekundu, nyeusi, sisi tunajua wapi? Tulicheka kwa sababu wewe ulisema na baba yako akacheka. Tulidhani ni furaha." Akafuta mikono kwenye kanga. "Tuna mkutano wa akina mama Mtwapa, wiki hii inayokuja. Junju iko njiani. Tutapita. Na hiyo sanduku niachie, tutapita nayo."

Walipita kweli, Jumamosi asubuhi, akina mama kumi na mmoja wenye sare za zambarau na vitambaa vyeupe kichwani. Kiongozi alishuka gari na sanduku kichwani mwake, akakataa kupokewa. Mama aliwatandikia mikeka uwanjani na kuinjika chai. Baba alikuja kutoka shamba akiwa na jembe begani, akawaona, na nikaona miguu yake inataka kurudi ilikotoka.

"Fundi!" akaita kiongozi. "Ulituambia tutafute fundi mwingine. Tumetafuta. Hakuna. Sasa?"

Baba aliweka jembe chini. Akawasalimu mmoja mmoja, kwa mkono, akiomba radhi kwa udongo.

Nikasimama.

"Mama zangu," nikasema, "siku ile kibandani nilimwambia baba yangu mbele yenu kwamba amekosea. Hakukosea. Mimi nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja. Kila mchoro wa umeme ulioko kwenye kitabu changu una mshale kama wake. Kazi yake imekuwa sawa siku zote, na amplifaya yenu iliharibika kwa sababu yangu. Baba, nakuomba radhi hapa, wakisikia."

Kuku mmoja akapita katikati ya mikeka. Baba alikuwa akitazama viganja vyake.

"Wacha na mimi niseme," akasema mwishowe. "Siku ile Ijumaa nilizilehemu zile dayodi kama mamangu alivyosema. Mkono ulikataa. Kabla sijaunga waya za kwenda kwenye bodi, nikapima na mita. Mita ikaleta namba, na mbele ya namba ikaweka kistari, maana yake nyekundu imekuwa nyeusi. Mita pia ikakataa. Nikasema, hii mita ni mpya, haijui."

"Baba," nikasema, "mita ilikuonyesha! Kwa nini hukuzirudisha?"

Akaniinulia uso. Macho yalikuwa mekundu.

"Nilikupeleka chuo ili hapa nyumbani awepo mtu anayejua kuliko mimi," akasema. "Siku uliponikosoa mbele ya watu, mamangu, wao walidhani nimeaibika. Nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa yupo. Ningezirudisha zile dayodi, ningekuwa nimesema bado hayupo."

Nilijifunika uso kwa leso. Sikuweza kufanya lingine. Kiongozi wa kwaya alikuwa analia waziwazi, bila kujificha, kwa sauti yake ile kubwa, na Mama akaingia ndani kwa kisingizio cha sukari akakaa huko muda mrefu kuliko sukari inavyotaka.

"Nilichoaibikia," Baba akaongeza polepole, "ni sanduku la watu kuungua. Hilo ndilo lililonifukuza."

"Basi litengeneze," akasema kiongozi, akijipangusa. "Mkutano unaanza saa nane na sisi hatuna sauti."

Ilikuwa kichekesho, maana hao kumi na mmoja wana sauti ya kuezua paa. Lakini Baba alicheka. Akanawa mikono, akanawa tena, akaingia ndani, na nikasikia ndoo ikiburutwa kutoka chini ya kitanda.

Kapasita na dayodi nilikuwa nimezinunua Kilifi. Tulivuta waya wa stima kupitia dirishani, tukatumia mbao ya kukatia mboga kama meza. Chuma kilipopata moto, ile harufu ya risasi ikapanda, harufu ya utoto wangu wote. Baba alitoa zile dayodi nne moja moja, akazifuta, akazitia mfukoni badala ya kuzitupa. Kisha akaniwekea mpya ya kwanza kiganjani.

"Mstari utazame wapi, mamangu?"

"Kwenye nyekundu, Baba."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hata mimi," akasema, na akalehemu.

Kabla ya kuunga bodi alipima. Mita ilileta namba safi, haina kitu mbele. Akaigeuza ili nami niione, kisha akaigeuza kwa wale akina mama, ambao walipiga vigelegele bila kujua wanapigia nini. Amplifaya ilipowashwa ikaimba, haingurumi hata kidogo. Waliondoka wakiimba wakiwa wamechelewa, na gari likapotea na vumbi lake.

"Na redio yangu?" akauliza Mama kutoka mlangoni.

Baba aliitengeneza kabla chai haijapoa. Jumatatu alikuwa Malindi.

Nilikwenda kumwona likizo iliyofuata. Nilifika kabla hajafungua, nikamkuta amepiga magoti mbele ya meza, chaki mkononi. Mshale wake ulikuwa umerudi mahali pake, nyekundu kwenda nyeusi. Chini yake alikuwa anamalizia wa pili, mdogo, unaotoka kwenye nyeusi kwenda kwenye nyekundu.

"Huu wa juu ni wa kazi," akasema. "Huu ni wa elektroni zako. Nazo zina haki ya kutembea."

Yote miwili iko pale mpaka leo. Ikififia anaichora upya, wake kwanza, halafu wangu. Wateja huuliza, fundi, mbona mishale miwili, upi ndio wa kweli? Baba hachoki kueleza, lakini hilo halielezi. Hunyoosha kidole nilipokaa. "Muulizeni mamangu," husema. Nami siku hizi, kabla sijafungua mdomo, naishika mita kwanza.